Ngoma ya Watoto Haikeshi

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wazee na wanachama katika mkutano mkuu wa mwaka wa Jumuiya, Madogo)



Tumeamriwa na Halmashauri tuseme machache juu ya darasa la ngoma la vijana wetu, na hasa juu ya jambo lililozua maneno mengi mwaka huu, nalo ni ile kazi ya mazoezi wanayopewa watoto kila Jumamosi waende nayo nyumbani na kuirejesha Jumamosi ifuatayo. Wako wazee waliotuuliza, na kuuliza ni haki yao: tangu lini ngoma ikapewa kazi ya nyumbani kama hesabu? Wao walijifunza kwa kutazama, wala hawakufuatwa na mwalimu mpaka jikoni kwa mama zao. Na mzee mmoja alitukumbusha methali tuijuayo sote, ya kwamba ngoma ya watoto haikeshi. Maana yake, kwa alivyotaka kutuonya, ni kwamba tunajisumbua bure. Watoto wataichezea ngoma kidogo, kisha watalala.

Methali hiyo tumeipokea kwa adabu, tukaenda nayo nyumbani, tukaifikiri. Leo twaomba ruhusa ya kusema kwamba haikutupinga. Tukiielewa sawasawa, ndiyo msingi wa kazi yote tuifanyayo.

Yatupasa kwanza kuungama kosa letu. Darasa lilipoanza, tuliwakusanya watoto kila Jumamosi tangu saa tatu asubuhi mpaka adhuhuri, saa tatu nzima bila kituo. Tulidhani kwamba wingi wa saa ndio wingi wa maarifa. Mikono ya wadogo ikavimba, wakubwa wakajifunza kutoroka kwa mlango wa nyuma, na kila Jumamosi iliyofuata tukakuta yale ya juma lililopita yamesahauliwa, tukaanza tena alifu kwa ujiti. Hata hivyo tulijasiri kuwapeleka katika arusi moja ya hapa hapa Madogo. Wazee mliohudhuria mwayakumbuka yaliyotupata. Vumi lilikwenda upande huu, chapuo likaenda upande ule, waimbaji wakanyamaza mmoja mmoja, hata bibi mmoja mtu mzima akainuka, akautwaa upatu mikononi mwa mtoto, akaushika mwendo yeye mwenyewe mpaka wimbo ukaisha. Aibu ile ilikuwa yetu sisi tuliofundisha, wala haikuwa ya watoto.

Baada ya karamu bibi yule alituita kando. Hakutulaumu. Alituuliza neno moja tu: "Hawa wajukuu wangu hupiga lini?" Tukamjibu kwamba hupiga Jumamosi. Akasema, "Basi hao ni wageni wa ngoma, wanangu. Mgeni huja siku moja. Mwenye nyumba yumo kila siku."

Neno lile halikutuacha kulala. Tulianza kuwatembelea wazee mmoja mmoja, Wapokomo kwa Wamunyoyaya, Wamalakote kwa Waorma, na ndugu zetu Wasomali pia, tukawauliza walijifunza vipi. Wengi walitujibu kama tulivyotaraji, kwamba hawakufundishwa na mtu. Lakini tulipozidi kuwasikiliza tukaona kwamba walifundishwa sana, ila hawakulitambua darasa lao. Mtoto wa zamani alilala mgongoni mwa mama huku mama akitwanga, na mchi ulimpa mwendo wake wa kwanza. Alipokua alikaa karibu na wapigaji katika kila arusi, kila jando, na kila mavuno. Alipiga magoti yake gizani, hakuna aliyemtazama. Alipochunga mifugo, au alipowinga ndege shambani, aliimba na kupiga makofi kutwa nzima. Wale ambao kwao ngoma ni makofi na kishindo cha mguu, bila ngozi wala gogo, nao walikuwa katika darasa lile lile. Naam, wazee wetu hawakupewa mazoezi ya kila juma, kwa sababu juma lao zima lilikuwa ni mazoezi.

Mtoto wa leo hayuko katika hali hiyo. Alfajiri yuko njiani kwenda shule, na jioni yuko juu ya vitabu. Arusi nyingi huchezwa kwa muziki wa mashine. Unga huja umekwisha kusagwa. Hatusemi kwamba shule ni mbaya, hasha. Shule ni mali, na Jumuiya hii imewalipia karo wengi. Twasema tu kwamba lile darasa lisiloonekana limefungwa, na hakuna aliyetangaza kufungwa kwake. Kazi ndogo tunayompa mtoto kila Jumamosi ni jitihada ya kumrudishia robo ya kile ambacho mzee wake alikipata bure.

Na tutazame mfano ulio karibu nasi. Wote twasimama wima unapoimbwa wimbo wa taifa la Kenya. Sauti ya wimbo ule ilitoka katika mto wetu huu. Ilikuwa bembelezi ya kina mama wa Kipokomo, na mwaka 1963, nchi ilipokaribia Uhuru, Mzee Meza Morowa Galana aliitoa, na tume ya wanamuziki watano, miongoni mwao Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Thomas Kalume, ikautengeneza wimbo tuujuao. Tujiulize, sauti ile ilihifadhiwa na nani miaka yote hiyo kabla ya 1963? Haikuandikwa katika kitabu, wala haikupigwa kwa tarumbeta barazani. Ilihifadhiwa na mama aliyeiimba usiku, kwa dakika chache, mpaka mtoto akalala. Na kesho yake akaiimba tena. Wimbo mfupi uliorudiwa kila usiku umefika mahali ambapo nyimbo nyingi ndefu za sherehe hazikufika.

Wataalamu nao wamelithibitisha jambo hili kwa njia yao. Mwaka 1885 Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alitoa habari za majaribio aliyojifanyia mwenyewe juu ya kukumbuka na kusahau. Aliona kwamba kurudia somo mara 38, akizigawanya mara hizo katika siku tatu, kulimfaa sawa na kulirudia mara 68 kwa siku moja. Hii ni haba na haba ile ile ya wazee wetu, iliyojaza kibaba, isipokuwa yeye aliihesabu.

Basi sasa tuwaeleze kazi yenyewe ilivyo, ili asiwepo mzazi atakayesema kwamba mtoto wake anapewa asichokijua.

Jumamosi tunakutana kwa saa moja tu. Mtoto anapewa jambo moja la kuchukua nyumbani, na hapewi mawili kamwe. Siku tano zinazofuata anafanya robo saa kila siku. Jumla yake ni saa moja na robo. Ukitia na saa ya Jumamosi, ni chini ya zile saa tatu tulizokuwa tukiwachosha nazo zamani.

Jumapili ni siku ya mdomo. Ngoma haiguswi. Mtoto husema kwa ulimi kile ambacho mkono utapiga: "dum" kwa pigo la katikati ya ngozi, ambapo sauti ni nzito, "ta" kwa pigo la ukingoni, ambapo sauti ni nyembamba, na "ka" kwa kofi kali. Asiyeweza kuisema ngoma hawezi kuipiga.

Jumatatu ni siku ya mkono mnyonge, ambao kwa wengi ni wa kushoto. Mkono huo peke yake hupiga juu ya paja, polepole, huku ule wenye nguvu umekaa kama mtu aliyealikwa kutazama. Tumeona kwamba ngoma nyingi huharibika kwa sababu mkono mmoja ni bwana na wa pili ni mtumwa wake.

Jumanne mikono yote miwili hukutana, kwa mwendo wa mzee atembeaye kwa raha kwenda msikitini. Sharti letu ni hili: ukikosea mara tatu, punguza mwendo. Asiongeze mtu mwendo ili kulificha kosa, kwani mwenda pole hajikwai.

Jumatano ni siku ya mguu. Mtoto hutembea uani huku akisema na kupiga makofi, mguu ukishika mwendo, mkono ukipamba juu yake.

Alhamisi ni siku ya shahidi. Mtoto humpigia mtu mmoja wa nyumbani, awe nyanya, kaka, au hata mdogo wake, na mtu huyo aimbe au apige makofi. Hii ndiyo siku ngumu kuliko zote, kwa sababu ngoma si ya mtu mmoja.

Ijumaa ni mapumziko, kwa heshima ya siku yenyewe, na kwa kuwa mkono uliopumzishwa hurudi na kumbukumbu iliyotulia.

Mtatuuliza, je, mtoto asiye na ngoma nyumbani afanye nini? Twawajibu kwamba kazi yote hii yahitaji paja, kiganja na ulimi. Akitaka sauti, mtungi mtupu wa maji uliogeuzwa juu chini wamtosha, na kopo lenye punje chache za mahindi humfaa badala ya kayamba. Ngoma zenyewe hukaa ghalani kwa Jumuiya, na kila mtoto ana zamu ya kuzitunza. Tunawafundisha kuvua pete kabla ya kupiga, kutoiweka ngoma juu ya udongo wenye umande, na kuiota moto ngozi iliyolegea kwa mvua, ikiwa mbali kiasi cha kutoungua. Mtoto aliyeipasha ngoma moto kwa subira huwa hana haraka ya kuipiga kwa nguvu, na sote twajua kwamba ngoma ivumayo sana hupasuka.

Tuwape na mfano wa zoezi moja, mlijaribu pale pale mlipoketi. Liko jambo ambalo ngoma zetu nyingi za Afrika Mashariki hulitegemea, nalo ni mkono mmoja kupiga mara tatu katika muda ambao mwingine hupiga mara mbili. Tulilifundisha kwa hesabu, watoto wakachanganyikiwa. Kisha tukawapa maneno mawili: "Njooni tule." Yasemeni polepole, silabi kwa silabi: njo, o, ni, tu, le, halafu nyamazeni kwa muda wa silabi moja, kisha mrudie. Hiyo ni mipigo sita. Kwenye "njo" mikono yote miwili hushuka pamoja. Kwenye "o" hakuna pigo. "Ni" ni ya mkono wa kulia, "tu" ni ya kushoto, "le" ni ya kulia tena. Mkifanya hivyo, mkono wa kulia umepiga mara tatu na wa kushoto mara mbili, na kila mmoja umetembea kwa hatua zilizo sawa. Watoto waliolia juu ya hesabu wiki mbili walilipata jambo hili kwa alasiri moja, na mama zao wametuambia kwamba sasa hawaiti tena watu kula, ngoma inawaita.

Kumbukumbu ya kazi hatuiandiki daftarini, maana si kila nyumba ina mtu wa kuandika. Mtoto hutia kokoto moja katika kopo kwa kila siku aliyofanya, na Jumamosi huja na kopo lake. Tulionywa kwamba mtoto aweza kutia kokoto bila kupiga. Ni kweli, aweza. Lakini Jumamosi mkono wake utasema, na tangu tuanze hatujalazimika kumwita mtoto mwongo mbele ya wenzake.

Hata katika utaratibu huu tulikosea. Alikuwako msichana mmoja ambaye kopo lake lilikuja na kokoto mbili, juma kwa juma. Tulimhesabu kuwa mvivu. Siku moja mama yake alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni, akasema kwamba binti huyo huteka maji asubuhi na jioni, hupika, na hulea mdogo wake, na robo saa tuliyoitaka haikuwamo katika siku yake. Tuliona haya. Tuliketi tena tukamtengenezea kazi yake: Jumanne na Jumatano yake ni njia ya maji, hatua zake ndizo mwendo, na kinywa chake ndicho ngoma. Leo msichana yule ndiye anayeushika upatu, na wenzake wote humfuata, kwa sababu mwendo wake hautikisiki. Somo tulilolipata ni kwamba kazi isiyoingia katika maisha ya nyumba haifai kuitwa mazoezi. Ni mzigo tu.

Kisha yakaja maji. Hatuna haja ya kuwasimulia ninyi mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023, na yale ya Aprili 2024, Tana ulipoacha njia yake, barabara baina yetu na Garissa ikakatika, na mashua zikawa ndizo njia. Wako waliopotea majini. Mungu awarehemu, na awape subira waliobaki. Nyumba zilihamia mahali pa juu, na ghala letu likaingia maji. Ngozi ziliharibika, na gogo moja la mwembe lilipasuka lilipokauka. Tulidhani darasa limekufa. Lakini tulipozunguka katika mahema kugawa unga, jioni moja tuliwakuta watoto wamekaa duara, hawana hata ngoma moja, wakipiga mapaja na kusema "dum" na "ta", na watoto wa watu wengine wamekuja kukaa nao. Hatukuwatuma. Ilikuwa siku ya Alhamisi, na walikuwa wakitafuta shahidi. Wazee walioketi karibu waliwaimbia.

Wazee wetu, jambo hili latupeleka katika jambo zito zaidi. Mwajua habari za ngadzi, ngoma kuu ya Wapokomo, iliyokuwa heshima ya utawala wao na ya wazee wao. Ilitwaliwa na maofisa wa Kiingereza mwaka 1902, ikapelekwa London, ikawekwa katika Makumbusho ya Uingereza. Wazee wa Kipokomo wameidai mbele ya ulimwengu, na sisi twawaunga mkono. Mali ya watu ni ya watu. Lakini kuna neno ambalo hatuna budi kuambiana sisi kwa sisi. Chombo chaweza kurudishwa kwa meli au kwa ndege. Mkono ujuao hauwezi kurudishwa hivyo. Ujuzi ukifa hapa Madogo, hautakutwa ghalani London wala mahali pengine popote, na hapatakuwa na mtu wa kumlaumu ila sisi. Ngoma nyingine zetu, ndogo, za kila siku, hazikutwaliwa na Mwingereza. Tunaziacha wenyewe.

Majirani zetu wamekwisha kuamka. Huko Zanzibar, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2002, hufundisha vijana ngoma pamoja na taarabu. Burundi, ngoma zao za kifalme ziliandikwa na UNESCO mwaka 2014 katika urithi wa wanadamu. Na mwaka huo huo isukuti ya ndugu zetu Waisukha na Waidakho wa magharibi ya Kenya iliandikwa pia, lakini katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka. Tofauti ya orodha hizo mbili itufunze. Jambo laweza kuwa zuri, likapendwa, na likawa limo hatarini wakati huo huo.

Twajua ziko hofu mbili. Ya kwanza ni ya shule. Twawaahidi kwamba wakati wa mitihani kazi hupunguzwa ikawa ya mdomo peke yake. Ya pili ni ya dini, na hiyo twaiheshimu zaidi. Hakuna kupiga wakati wa adhana wala karibu na nyumba ya ibada; mwezi wa Ramadhani darasa hufungwa; na mzazi asiyetaka mwanawe apige ngoma fulani au aimbe maneno fulani, neno lake ndilo neno. Hatukuja kumchukua mtoto wa mtu katika njia ya wazazi wake.

Basi mbele ya mkutano huu twaomba mambo matatu, wala hatuombi fedha nyingi. Kwanza, robo saa: mzazi amwachie mtoto robo saa yake, na siku ya Alhamisi akubali kuwa shahidi. Pili, ngozi na magogo: mwenye kuchinja mbuzi atukumbuke, na mwenye kukata mwembe mzee asiuchome wote mkaa. Tatu, na hili ndilo kubwa, twaomba wazee wenyewe. Kila Jumamosi moja, mzee mmoja aje akae nasi kwa saa ile moja, ayapige au ayaimbe yale ayajuayo, kwa lugha yake. Hatutamsumbua kwa maswali mengi. Watoto watatazama, kama alivyotazama yeye, kisha watakwenda nyumbani na kazi ya juma aliyoiacha yeye.

Na yule mzee wetu aliyetupa methali, twamshukuru kwa moyo safi. Ni kweli, ngoma ya watoto haikeshi. Haikesho usiku kucha; huchezwa kidogo, wakalala. Nasi hatuwataki wakeshe. Twataka kesho yake waamke wapige tena.

Bibi yule wa upatu hayuko nasi tena katika mkutano huu. Alitutangulia mwaka huu, Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema. Jumamosi tatu za mwisho wa uhai wake alikuja darasani, akakaa juu ya mkeka, akasikiliza. Mara ya tatu hakunyoosha mkono kuutwaa upatu.